Jua na Shaba: Habari za Sammy Baloji, Mpiga Picha wa Katanga

Mji wa Kolwezi umekaa juu ya uwanda wa kusini mwa Kongo, kadiri ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, katika digrii ya 10 na ushei kusini ya Ikweta. Na kwa sababu ya makao yake hayo, jua huupitia utosini mara 2 kila mwaka, karibu na tarehe 21 Oktoba mvua zinapoanza kubisha hodi, na karibu na tarehe 21 Februari mvua zikiwa hazijakoma. Siku hizo, saa sita ya mchana, kivuli cha mtu hujikusanya chini ya nyayo zake, paji la uso hung'aa na macho huzama gizani, na mashimo ya migodi hujaa nuru hata sakafuni. Kiangazi kinapoingia, tangu Mei hata Septemba, jua huinamia upande wa kaskazini, asubuhi huwa na baridi, na moshi wa nyika zinazochomwa pamoja na vumbi la magari ya madini hutia wekundu angani wakati wa machweo. Kisha mvua za kwanza huosha hewa, na vilima ambavyo miezi mingi havikuonekana hudhihirika tena kwa mipaka yake yote. Mtu aliyechagua kufanya sanaa ya picha kwa nuru ya jua hana budi kuyajua haya kama nahodha ajuavyo kusi na kaskazi, kwani chombo chake hakiendi ila kwa idhini ya mbingu.

Historia hii ni ya mtu wa namna hiyo, Sammy Baloji wa Lubumbashi, ambaye taswira zake za miji ya Likasi na Kolwezi zimetazamwa katika miji mikubwa ya dunia. Lakini haiwezi kusimuliwa kwa insafu pasipo kuanza mbali, maana ardhi aliyoipiga picha ilikuwa imekwisha kupigwa picha na wengine kabla hajazaliwa, na jua lililowaangazia hao wa kwanza ndilo lililomwangazia yeye. Katika vitu vyote vya nchi hiyo ya Katanga vilivyopimwa, vikagawanywa, vikauzwa na kununuliwa, nuru ya jua peke yake haikupata wa kuimiliki. Ilimwangukia bwana na mtumishi, mhandisi na mchukuzi, kwa kipimo kimoja. Upendeleo uliingia baadaye, katika mkono wa aliyeshika kamera na katika bamba alilolitia ndani yake. Hilo ndilo jambo ambalo historia hii inanuia kulithibitisha.

Yafaa kwanza msomaji akumbuke kwamba shaba na picha vina udugu wa tangu zamani. Mwaka 1839, uvumbuzi wa Mfaransa Louis Daguerre ulipotangazwa mjini Paris, picha zake hazikuwa za karatasi: zilikuwa mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha, yakasuguliwa hata yakaakisi uso wa mwenye kuyatazama, yakapitishwa katika mvuke wa iodini ili yapate kuhisi nuru, na baada ya kukabili nuru ndani ya sanduku la giza yakapitishwa katika mvuke wa zebaki ili sura iliyofichika idhihirike. Basi chini ya kila uso uliohifadhiwa kwa maarifa hayo palikuwa na shaba. Haikuwa shaba ya Katanga, kwa kuwa Ulaya ilikuwa bado haijaijua vyema nchi hiyo. Lakini katika miaka hiyo hiyo ambayo mafundi wa Paris walikuwa wakisugua mabamba yao, mafundi wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba kwa elimu waliyoirithi kwa karne nyingi.

Ushahidi wa elimu hiyo umezikwa pamoja na wenyewe. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya maziwa ya bonde la Upemba ambamo mto Lualaba hupita, wataalamu wa mambo ya kale waliochimbua tangu 1957 waliwakuta wafu wamelazwa na misalaba midogo ya shaba, ambayo ilikuwa mali, ikawa na sarafu pia. Wayeyushaji walifanya kazi yao wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakijenga tanuri kwa udongo wa vichuguu na kuchoma makaa ya miti ya miombo, wakaongozwa na mafundi ambao ujuzi wao ulikuwa siri ya chama chao. Katika karne ya 19 akaja Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, pamoja na wafuasi walioitwa Wayeke, akasimamisha dola yake Bunkeya. Na kwa njia ya misafara iliyokwenda na kurudi baina ya dola hiyo na pwani yetu, lugha ya Kiswahili ikapata mlango wa kuingilia Katanga, ambamo haijatoka hata leo. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa kwa manufaa ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet akaipita nchi akiandika habari za miamba yake na utajiri wake uliomstaajabisha.

Baada ya bunduki na nyundo ya jiolojia ikaja kamera. Baina ya 1898 na 1900 Mbelgiji Charles Lemaire aliongoza msafara wa kisayansi mpaka Katanga, na miongoni mwa wafuasi wake walikuwamo watu wawili ambao kazi yao ilikuwa kuona: Léon Dardenne, aliyechora kwa rangi za maji, na François Michel, aliyepiga picha. Kazi zao zilipelekwa Ubelgiji, zikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren nje kidogo ya Brussels, nazo zinatuonyesha watu, wanyama, mito na vijiji katika saa ile ile ambayo nchi ilikuwa ikibadilishwa kuwa milki.

Hapa inatupasa kutua na kuizingatia hali ya mabamba ya picha ya zama zile, kwani ndani yake mna jambo kubwa. Dawa iliyopakwa juu ya mabamba ya kawaida iliihisi sana nuru ya samawati, ikaihisi nuru ya kijani kidogo, na nuru nyekundu ilikuwa kwake sawa na giza. Mabamba yaliyoweza kuhisi rangi zote yalianza kuuzwa madukani mwanzoni mwa karne ya 20, na hata baada ya hapo ilichukua miaka mingi kabla hayajaenea. Kwa hiyo mbingu ya Katanga, ambayo wakati wa mvua ina samawati ya kina na mawingu makubwa, ilitoka nyeupe tupu. Udongo mwekundu ambao ndio sura ya nchi ile ulitoka mweusi. Na nyuso za watu, ambazo weusi wake una wekundu wa joto ndani yake, zilizidishiwa giza hata haiba yake ikapungua. Jua lilikuwa limezipa nyuso hizo haki yake, lakini bamba halikujua kuipokea, na watazamaji wa Ulaya, wasiojua dosari hiyo ya chombo, wakadhani wameiona Afrika kama ilivyo.

Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya Union Minière du Haut Katanga. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, mji ambao leo ndio Lubumbashi, na mwaka 1911 tanuri la kwanza likayeyusha shaba. Tangu hapo watu walitafutwa mbali na karibu: kutoka Kasai, kutoka bonde la Luapula, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Rwanda na Urundi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilianza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake zao katika kambi zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka, zenye posho, zahanati na shule, ambamo bwana aliyahesabu masaa ya kazi na pia alivihesabu vyungu vya jikoni. Wafanyakazi walipogoma kwa sababu ya ujira, tarehe 9 Desemba 1941 waliokusanyika kiwanjani Elisabethville walifyatuliwa risasi na askari, wakafa makumi kwa makumi.

Kampuni ilikuwa na kamera, na kamera ilikuwa na kazi yake. Ilipiga picha za mitambo mipya, mashimo yaliyokuwa yakipanuka, madaraja, mabomba ya moshi, mabwana wa kizungu waliosimama wima kwa fahari mbele ya kazi iliyokamilika, na wafanyakazi Waafrika waliopangwa safu safu, wakitazama mbele kwa amri. Nyingi zilipigwa nje, kweupe, kwa kuwa jua lilikuwa halina gharama na nuru yake ilitosha; na picha zilizopatikana zilikuwa safi, zenye kuonyesha kila msumari wa mtambo. Lakini yule aliyepigwa hakuulizwa asimame wapi, wala jina lake halikuandikwa, wala nakala ya sura yake hakupewa. Aliacha mwili wake katika kumbukumbu za kampuni kama alivyoacha nguvu zake katika shimo.

Isidhaniwe kwamba katika zama hizo hapakuwa na Mwafrika aliyeijua sanaa hii. Antoine Freitas, mzaliwa wa Angola, alizunguka nchini Kongo na sanduku lake la kupigia picha, na mwaka 1939 alipigwa picha mashuhuri huko Bena Mulumba katika Kasai, ile nchi iliyotoa watu wengi kwenda migodini Katanga. Humo anaonekana amesimama kando ya kamera yake, kadamnasi ya watu ikiwa nyuma na mbele yake. Mafundi wa namna hiyo hawakuwa na taa wala umeme. Walitafuta ukuta mweupe wa kurudisha nuru, wakapima saa kwa kivuli, wakamgeuza mteja bega moja ili jua lisimchome machoni, na kwa kuwa mteja alikuwa amelipa na atapokea picha yake, walimwuliza avae nini na asimame vipi. Nuru ilikuwa ile ile ya picha za kampuni, ila masharti baina ya mpigaji na mpigwaji yalikuwa mengine, na masharti hayo yanaonekana katika nyuso.

Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937, kwa ajili ya migodi ya upande wa magharibi: Musonoi, Kamoto, na mashimo mengine yaliyofuata, ambayo ukubwa wake unamfanya mtu aliyesimama ukingoni ayaone magari ya chini kama nukta. Maporomoko ya Nzilo yaliwekewa bwawa ili mto Lualaba utoe umeme wa viwanda. Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, Katanga ilijitenga baada ya siku 11 tu chini ya Moïse Tshombe, na Kolwezi ikawa ngome ya mwisho ya kujitenga huko, hata majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia humo mwezi wa Januari 1963. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ikaitwaa kampuni, ambayo hatimaye ikajulikana kwa jina la Gécamines, na jimbo lenyewe likaitwa Shaba. Mwezi wa Mei 1978 waasi waliovuka kutoka Angola waliiteka Kolwezi, askari wa Kifaransa wakashuka kwa miavuli kuikomboa, na mamia ya watu, Waafrika na Wazungu, wakapoteza maisha yao kati ya hayo mawili.

Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, akazaliwa Sammy Baloji mjini Lubumbashi. Utoto wake ulikuwa katika machweo ya Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ukaporomoka. Na mitambo iliyochakaa, fedha zilizochukuliwa pasipo kurudishwa, na fitina za siasa zilizowafukuza watu wa asili ya Kasai kutoka nyumba zao, vikaiangusha kazi hata ikabaki sehemu ndogo kabisa ya ile ya zamani. Mishahara ikakoma kwa miezi, kisha kwa miaka. Mwanzoni mwa karne hii wafanyakazi wapatao 10,000 walipewa kiinua mgongo na kuachishwa kazi chini ya mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Baba aliyekuwa na namba ya kazi, kofia ngumu na posho ya kila mwezi alibaki na picha ya ukutani tu.

Baloji alisoma katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akaanza sanaa kwa kuchora hadithi za katuni, kisha akageukia kamera. Katikati ya miaka ya 2000 alipiga picha za majengo na viwanda vya zama za ukoloni huko Katanga, na katika kazi hiyo akakutana na hazina ya picha za zamani za kampuni. Mtu mwingine angezitazama, akasikitika, akazirudisha kabatini. Yeye alizichukua, akawatenga watu waliomo na mandhari yao ya asili, akawasimamisha katika mandhari alizozipiga yeye mwenyewe, za rangi, za viwanda vilivyokufa na mashimo yaliyoachwa. Mfululizo huo aliuita Mémoire, yaani kumbukumbu, nao uliotoka mwaka 2006 ndio uliomjulisha kwa ulimwengu.

Atazamaye kazi hizo kwa mara ya kwanza huona mambo mawili pamoja. Nyuma imetanda Likasi ya sasa: mabati yenye kutu, vyuma vilivyopinda, majivu ya madini yaliyorundikwa, na mbingu pana juu yake. Mbele wamesimama watu weusi na weupe wa picha za kale, wasio na rangi, wengine ni wafanyakazi walioamriwa kujipanga, wengine mabwana wa kizungu katika mavazi yao meupe. Hakuna aliyewafunika kwa rangi ili waonekane kuwa wa leo, wala mandhari haikuondolewa rangi ili ionekane kuwa ya jana. Mipaka yao imeachwa wazi, na kwa uwazi huo picha inasema kweli juu ya namna ilivyotengenezwa.

Na humu ndimo nuru inapotoa ushahidi wake. Mwanga ulio juu ya mabega ya wale wafanyakazi ni mwanga wa mchana mmoja wa miongo mingi iliyopita, uliotoka juani, ukagusa ngozi zao, ukaingia katika lenzi, ukabaki ndani ya dawa ya fedha. Na mwanga ulio juu ya kiwanda nyuma yao ni wa mchana mwingine, ambao Baloji mwenyewe aliusubiri. Michana miwili imekutanishwa juu ya karatasi moja. Mfanyakazi aliyeijenga mitambo anasimama mbele ya magofu yake. Bwana aliyeitazamia dahari anasimama mbele ya kutu. Hakuna hotuba iliyoandikwa hapo, na haihitajiki, kwa kuwa jua lile lile limewahukumu wote wawili.

Ufundi wa jambo hili si mdogo. Picha pana za namna ile huunganishwa kwa kupiga sehemu moja baada ya nyingine, kamera ikigeuzwa taratibu kutoka upande mmoja hata upande wa pili. Na jua halimngoji mtu. Wingu likipita katikati ya kazi, sehemu ya tatu itakuwa na giza ambalo sehemu ya pili haina; jua likiwa linashuka, vivuli vya mwisho vitakuwa virefu kuliko vya kwanza, na mshono utaonekana. Mpigaji hana budi kuichagua saa ambayo nuru imetulia, aijue siku ambayo vumbi halitainuka, na afanye kazi yake kwa haraka isiyo papara. Taa za kiwandani zingeweza kuangaza ukuta au uso. Shimo la mgodi lenye upana wa mamia ya mita haliangaziwi na taa ya mwanadamu ye yote. Msanii anayekusudia kuionyesha Katanga kwa ukubwa wake amekwisha kujifunga na jua, apende asipende, na staha yake kwa jua hupimwa kwa subira yake.

Kazi hizo zilipelekwa Bamako mwaka 2007, katika maonyesho makubwa ya picha za Afrika, zikapata tuzo. Mwaka 2009 akatunukiwa na Mfuko wa Prince Claus wa Uholanzi. Lakini jambo ambalo mimi naliona kuwa la heshima zaidi kuliko tuzo ni kwamba katika mwaka wa 2008 yeye na wenziwe, akiwamo mwandishi Patrick Mudekereza, waliandaa nyumbani Lubumbashi mkutano wa wasanii uliokuja kujulikana kuwa Biennale ya Lubumbashi, chini ya jumuiya waliyoipa jina la Kiswahili, Picha. Msanii ambaye milango ya Ulaya imemfungukia, naye akarudi kuwafungulia wengine mlango wa nyumbani, ameilipa nchi yake deni ambalo haikumdai. Vijana wa Lubumbashi walipata mahali pa kuonyesha na kuonyeshwa, na miongoni mwao akatokea Georges Senga, ambaye picha zake kadhalika zinauliza yaliyopita yamekwenda wapi.

Baina ya 2009 na 2011 Baloji aliielekezea Kolwezi kamera yake, na hapa nuru ilikuwa na kazi tofauti. Sheria ya madini ya 2002 ilikuwa imefungua mlango kwa makampuni ya kigeni, na maelfu ya watu wasio na ajira walikuwa wamemiminika katika ardhi ile kwa majembe, mitaimbo na magunia, wakichimba shaba na kobalti kwa mikono yao. Aliyapiga picha makao yao, mahema ya turubai na mifuko iliyoshonwa, yaliyotapakaa juu ya ardhi iliyofukuliwa ambayo haina mti wala kivuli. Na pembeni mwa picha hizo akaweka mabango ya mandhari yaliyochapishwa Asia na kuuzwa katika masoko ya mji, yenye misitu ya kijani, maporomoko ya maji, maua na majumba ya kupendeza, ambayo watu huyanunua ili kupamba kuta zao. Nuru ya mabango hayo ni nuru isiyotoka mahali po pote: haina saa, haina kivuli cha kweli, na mbingu yake haijapata kunyesha. Nuru ya mahema ni ile ya Kolwezi yenyewe, kali na nyeupe, ambayo haimfichi mtu umaskini wake wala haimwongezei. Kuziweka nuru hizo mbili ubavu kwa ubavu ni kuuliza swali ambalo watawala na wanunuzi wa madini wangependa lisiulizwe: kwa nini watu waketio juu ya utajiri huu hununua kwa pesa zao picha za pepo ya mbali?

Mwaka 2011 alifika Tervuren, katika jumba lile lile lililohifadhi kazi za msafara wa Lemaire, na pamoja na Mudekereza wakafanya maonyesho yaliyoitwa Congo Far West. Alizitazama picha za François Michel na rangi za maji za Dardenne, akaziunganisha upya kwa mkono wa mtu wa Katanga. Zaidi ya miaka 100 ilikuwa imepita tangu jua la nchi yake lilipokamatwa juu ya mabamba yale na kupelekwa ng'ambo. Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya makaratasi tu. Lakini asemaye hivyo hajapata kutafuta sura ya babu yake akaambiwa kwamba iko katika kabati la nchi ya kigeni, imeandikwa jina la aliyeipiga, pasipo jina la aliyepigwa.

Baina ya 2014 na 2015 Baloji alichaguliwa, kwa mpango wa kampuni ya saa ya Rolex wa kuwakutanisha wasanii wakubwa na wanaochipukia, awe pamoja na Olafur Eliasson, msanii mzaliwa wa Denmark mwenye asili ya Iceland. Ni mkutano wenye maana, kwa kuwa Eliasson ameifanya nuru yenyewe kuwa mali ghafi ya sanaa yake: mwaka 2003 alitengeneza jua la taa katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern mjini London, ambamo watu walilala sakafuni kama walioko ufukweni, na mwaka 2012 alibuni taa ndogo inayoshiba nuru ya jua mchana ili imulike usiku katika nyumba zisizo na umeme. Mtu wa kaskazini, ambaye jua humwacha miezi mingi ya mwaka, alilazimika kulitengeneza. Mtu wa Katanga, ambaye jua halimwachi, alilazimika kuliuliza limeona nini.

Swali hilo leo limeingia hata ndani ya kamera. Betri nyingi zinazoendesha kamera na simu za siku hizi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, sehemu kubwa katika ardhi ya Kolwezi na jirani zake. Mji ambao tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Lualaba umekuwa sharti la picha za walimwengu. Arusi inayopigwa picha Muscat, mtoto anayepigwa picha Mombasa, waziri anayepigwa picha Brussels, wote huenda wanapokea nuru yao bure kutoka juani na nguvu ya kuihifadhi kutoka kwa mtu wa Kolwezi aliyeshuka shimoni alfajiri na asiyejulikana nao. Ile shaba iliyokuwa chini ya sura za mwaka 1839 imerudi kwa umbo jingine, na deni lililo chini ya picha limekuwa kubwa zaidi.

Basi tukirudia jambo tulilonuia kulithibitisha, naona kwamba mapenzi ya msanii kwa nuru ya jua, ambayo katika nchi nyingine yangeweza kuwa suala la ladha na uzuri tu, katika Katanga ni suala la uadilifu. Bamba la zamani lilikataa kuona wekundu wa udongo na joto la nyuso. Kampuni ilikataa kuandika majina. Bango la sokoni linakataa kuonyesha kivuli. Baloji amekataa kukataa. Ameiacha nuru ya nchi yake ifanye kazi yake yote, juu ya kutu na juu ya turubai, na waliotiwa gizani na picha za kwanza amewarudisha katika mchana ule ule wanamosimama wajukuu wao. Katika kufanya hivyo hakuongeza huruma ya bandia wala hakupunguza aibu ya mtu.

Kwa hiyo kijana wa Kolwezi au Likasi anayeshika kamera leo, na aghalabu kamera hiyo ni simu yake, ana mambo mawili ya kujifunza kwa pamoja: saa za jua na tarehe za nchi. Ajuaye la kwanza peke yake atatoa picha za kupendeza zisizo na neno. Ajuaye la pili peke yake atakuwa na mengi ya kusema na hapana atakayemtazama. Na wenye kuhifadhi kumbukumbu za Katanga, waliomo nchini na walioko Ubelgiji, wana wajibu wa kuzifungua kabati zao kwa vijana hao, kwa kuwa sura zilizomo zilitolewa na watu ambao hawakulipwa kwa ajili yake, na warithi wao wa haki wanajulikana wanakoishi.